Taulo Kumi na Mbili

Ukurasa wa tisini na moja nimeandika taulo.
Kumi na mbili kwa siku, nyeupe,
nilizofua mwenyewe kwa maji ya moto na magadi
na kuzianika jikoni, juu ya jiko,
kwa sababu Trieste ikivuma bora,
upepo unaoufanya mji ufunge kamba mitaani ili wazee washike,
nguo haikai nje. Inakwenda zake bandarini.

Msomaji hataki taulo, alisema Fulvia, mhariri wangu,
akaburuta kalamu nyekundu juu ya aya nzima.
Nikamwambia: ukizitoa, nitoe na mimi.
Akaziacha.
Kikauzika nakala laki nne.

Sinema haina taulo.
Ina mvua. Ina taa nyekundu ambayo sikuwahi kuwa nayo;
mimi nilikuwa na balbu ya wati arobaini
na kivuli cha karatasi nilichokopeshwa na Livio wa duka la vyuma.
Ina fidla. Kila nikivua kiatu, fidla.
Anayeniigiza ana miaka ishirini na mitatu.
Mimi nilianza na thelathini na nne,
na talaka, na deni la daktari wa meno.
Deni la meno halimo.

Yule binti, Ginevra, alinifuata kwenye hema la chakula,
amevaa joho la kuogea, karatasi laini shingoni
poda isimchafulie kola.
“Signora,” akauliza, “ulikuwa unaliaje?”
Nikamwambia sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu.
Vigae vya ukutani, kumi na saba kwa tisa,
kimoja kina ufa kama mkia wa paka.
Akayaandika yote katika daftari.
Kamera ikawashwa, akalia.
Akalia vizuri mno, hata mafundi wa taa wakapangusa macho,
na mimi, naapa, nilimlilia mwanamke yule
ambaye hajafua hata leso.

Usiku wa uzinduzi foleni ilizunguka kona mbili.
Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Hawa walikitaka cha mvunguni
wamesimama wima, tikiti mkononi,
na bisi.

Kisha ikaja tamthilia, vipindi nane,
wakanihamishia Milano kwa sababu Milano ina maghorofa ya vioo.
Huko nikapewa dada. Anaitwa Bianca,
anapiga piano, anakufa kipindi cha sita
ili mimi nipate kujuta.
Sasa Wahispania wameununua mkataba.
Sijui kwao nitakuwa na nani.

Mama alipiga simu kipindi cha sita kilipokwisha.
Miaka minane tangu kitabu kitoke
tumezungumza magoti yake, bei ya samaki,
jirani Ondina na mbwa wake mwenye kisukari.
Kitabu, kamwe.
“Huyo dada yako,” akasema, “nilimzaa lini?”
“Wamemwongeza tu, mama.”
“Na mimi wameniua. Kipindi cha kwanza, hata maneno sina.
Na lile koti! Mimi nimevaa lini koti la kahawia?”
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe,
kikizunguka, sukari ikiwa imekwisha yeyuka zamani.

“Nives,” akasema.
“Naam.”
“Magadi huzichubua taulo.
Ungetia siki. Kikombe kimoja, maji ya mwisho ya kusuuzia.
Ungeniuliza tu, ningekwambia.”

Nje kamba zilikuwa zikipiga nguzo.
Sikuhesabu kitu.